Korido ya Hatua Kumi na Mbili

Kutoka ukingo wa kitanda hadi mlango wa choo zilikuwa hatua kumi na moja, na Bi Futi alizijua kama alivyovijua vidole vyake. Tatu za chumbani, nane za korido, kisha mkono wa kulia unanyooka na kukuta fremu ya mlango. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo usiku hakujisumbua na taa. Alihesabu tu. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na miwili, futi ikining'inia shingoni mchana kutwa, hadi mtaa mzima ukasahau jina lake na kumwita hivyo. Mtu aliyepima mabega ya watu miaka yote hiyo hakosei hatua ndani ya nyumba yake.

Usiku wa Jumanne moja, kwenye hatua ya kumi na moja, mkono ulinyooka ukakuta hewa.

Alisimama. Akapapasa kushoto, ukuta. Kulia, ukuta. Mbele hakuna kitu. Akapiga hatua nyingine, ndogo, ya wasiwasi, ndipo fremu ikaja mkononi. Aliingia, akajisaidia, akarudi kitandani. Kurudi zilikuwa kumi na moja.

Alikaa macho mpaka binti yake aliporudi kutoka kazini. Binti huyo, aliyekuwa akiishi naye, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Gari la kazini lilimpitia saa nane usiku, naye alirudi saa mbili asubuhi akiwa na unga kwenye nyusi. Ni yeye aliyetafuta nyumba hii miezi mitano nyuma, kwa sababu ilikuwa ya chini na haikuwa na ngazi. Ngazi na wazee, alisema, havipikiki chungu kimoja.

"Mama, korido haiwezi kurefuka," alisema huku akivua viatu. "Ulikuwa na usingizi."

"Usingizi haujawahi kuniongezea hatua."

"Basi tuseme ulipiga hatua fupi."

Bi Futi alichukua futi yake, akampa binti ncha moja aibane kwenye mguu wa kitanda, wakapima hadi mlango wa choo. Futi yenyewe ni ya inchi sitini. Waliilaza mara tatu, na inchi kumi na nane juu. Inchi mia moja tisini na nane, hatua zake kumi na moja hasa. Binti alimtazama kwa ule upole ambao watoto huwatazama nao wazazi wanapoanza kuwaweka kwenye fungu la watu wasiosikilizwa. Upole ule ulimuuma Bi Futi kuliko tusi.

Alhamisi usiku alisikia kwamba hayuko peke yake.

Alikuwa amefika hatua ya tano, akihesabu kwa kunong'ona, "tano," na mbele yake gizani, juu kabisa, karibu na dari, sauti kavu ikasema, "sita." Haukuwa mwangwi. Mwangwi hufuata, sauti hii ilitangulia. Alinyamaza, nayo ikanyamaza. Hapo ndipo aliposikia harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, ile inayokaa kabatini na haitoki hata ukifua mara tatu. Akaendelea bila kuhesabu, na sauti ikamhesabia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea: saba, nane, tisa, kumi. Alipofika kumi na moja alijua asinyooshe mkono. Lakini mwili una mazoea yake. Mkono ulinyooka, uzito wote ukaufuata, na pale ambapo fremu ilipaswa kumpokea hapakuwa na kitu.

"Kumi na mbili," ilisema sauti, sasa iko sikioni kabisa, naye alikuwa tayari njiani kwenda chini.

Alianguka kwa nyonga na mdomo. Alilala kwenye saruji tangu saa tisa mpaka jua lilipotoka, akijaribu kuinuka na kushindwa, kama kobe aliyepinduliwa. Maumivu aliyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni kwamba kile kitu hakikuondoka. Kilisimama pale pale juu yake, kikivuta pumzi ndefu isiyo na haraka, kikisubiri, mpaka ufunguo wa binti ulipozunguka kwenye kitasa.

Hospitali walimpiga picha, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakashangaa. Kaka wa yule binti alipiga simu kutoka alikokuwa akiishi na familia yake.

"Mlete huku kwangu," alisema. "Hapo hapamfai tena."

Bi Futi aliomba simu. "Wewe ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka kutwa nzima," alimwambia mwanawe. "Sikukuhamisha nyumba."

Wiki iliyofuata alikuja muuguzi wa kliniki ya wazee, msichana mwenye miwani mizito na mkoba wa mgongoni. Alitoa shikamoo, akapokea marahaba yake, kisha akaanza kuikagua nyumba kama askari wa upelelezi. Akakunja zulia la mlangoni. Akahamisha waya wa feni uliokatiza njia. Akainua ndara za Bi Futi juu, akazitazama kwenye mwanga.

"Bibi, hizi zina umri gani?"

"Umri wako."

"Basi zistaafu kabla yangu." Akaziweka kando ya pipa la taka. "Na usiku usikurupuke. Hizi dawa zako za presha, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka. Kaa kwanza ukingoni, chezesha vifundo vya miguu, ndipo unyanyuke. Taa mbili ndogo za kuchomeka ukutani, ziwake usiku kucha. Na korido nzima iwekwe chuma cha kushikilia."

"Na nikianguka hata hivyo?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. Inaonekana si wazee wengi waliomuuliza hilo. "Kuanguka ni kitu cha dakika moja, bibi. Kubaki chini ndiko kunakomaliza watu. Njoo nikufundishe kuinuka."

Walitandika godoro sakafuni, na muuguzi mwenyewe akajilaza kwanza, sare yake nyeupe na yote. Tulia, alisema, usishindane na sakafu; sikiliza wapi panauma. Geuka ubavu. Jisukume kwa kiwiko mpaka upige magoti na viganja. Tambaa hadi kwenye kitu kizito, kiti au kitanda. Weka mikono juu yake, leta mbele mguu wenye nguvu, sukuma. Usisimame moja kwa moja. Geuka, kaa, pumua. Bi Futi alijaribu mara moja akashindwa, mara ya pili akashindwa, mara ya tatu akajikuta ameketi kitini, anahema, machozi yanamtoka kwa hasira na furaha. Tangu siku hiyo alifanya mazoezi kila jioni. Binti alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake, akicheka, "Mama, utaingia jeshini."

Fundi wa vyuma alifunga chuma ukutani, kuanzia kando ya kitanda hadi kwenye fremu ya choo. Taa zikachomekwa. Kisha usiku mmoja, bila kumwambia mtu, Bi Futi alifunga uzi kwenye mguu wa kitanda, akasubiri gari la binti liondoke, akaanza safari akiwa na rili ya uzi mkononi.

Hatua ya kumi na moja, chuma kiliisha. Korido haikuisha. Iliendelea mbele yake, ukuta mtupu, mweupe, ukitoa ile harufu mbichi, na mlango wa choo uko kule mwisho kama umesukumwa. Taa ndogo zilififia, lakini hazikuzima. Aliegemeza bega ukutani, akavuta hatua moja moja huku sauti ikimhesabia toka juu, kumi na mbili, kumi na tatu, na kila tarakimu ikitamkwa kwa hamu zaidi. Alifika. Akaukaza uzi, akaufunga kwenye kitasa cha mlango wa choo mafundo mawili, akarudi akishika chuma, akalala na viatu.

Binti aliporudi asubuhi aliukuta uzi umefungwa huku na kule. Ule ule uliokazwa usiku kama waya wa simu sasa ulikuwa umelegea, umelala katikati ya korido kama tumbo la ng'ombe.

"Upime," Bi Futi alisema.

Binti alipima mara mbili. Inchi mia mbili sitini na nne.

"Imezidi sitini na sita," alisema kwa sauti ndogo.

"Hiyo sihitaji kuipima. Ni mtu mzima, kutoka utosini hadi kisigino."

Jioni hiyo Bi Futi alijikongoja hadi kwa jirani wa nyumba ya pili, dobi mzee aliyepiga pasi nguo za mtaa ule kwa miaka thelathini. Alimkuta ameinamia shati. Alipomsimulia, Dobi hakucheka wala hakushangaa. Alisimamisha pasi wima, akakaa.

"Walikuwa watatu," alisema. "Mimi niliambiwa ni bahati mbaya, nikaona nikae kimya. Wa kwanza mwalimu wa hesabu, mstaafu, aliishi peke yake. Wa pili tarishi wa posta. Wa tatu mama wa wale wapangaji waliowatangulia ninyi. Wote walifia korido ile ile, wote usiku. Mwalimu alipiga ukuta kwa ngumi, Bi Futi. Nilisikia. Nikadhani anagongea msumari." Alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja bila kujua. "Alikuwa mtu wa kimo changu."

Bi Futi alimpima kwa macho, kama alivyozoea. Inchi sitini na sita.

Binti aliomba ruhusa ya usiku mmoja kazini. Walikaa kitandani pamoja, mlango wa korido wazi, mikono imeshikana. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha harufu ilikuja, na kutoka kule gizani sauti ya kike, iliyojaa maumivu, ikasema:

"Mama. Njoo, nimeanguka."

Ilikuwa sauti ya binti. Binti mwenyewe alikuwa ameketi hapo, mdomo ameufunga, kucha zake zimezama kwenye mkono wa mama yake.

"Mama," ilirudia ile sauti. "Mbona huji?"

"Nisamehe," binti alinong'ona. "Nisamehe, sikukuamini."

"Nyamaza," Bi Futi alimnong'oneza. "Usimpe na maneno mengine ya kuigiza."

Keshoye binti alileta mganga, mtu mnene mwenye kikohozi na sifa kubwa. Alinyunyiza maji, akasoma kwa sauti ya kutetemesha vioo, akaingia korido kwa kifua mbele. Walimsikia akihema. Walisikia kishindo. Alitoka anatambaa, kifundo cha mkono kimevunjika, uso umepauka.

"Sichukui chochote kwenu," alisema, akijifungasha haraka. "Hameni. Mimi naweza kumsukuma jini aliyesimama juu ya ardhi. Huyu amesimama juu ya watu."

Ndipo mizigo ikaanza kufungwa. Kuhama ilikuwa Jumamosi. Usiku wa Ijumaa binti alilazimika kuingia zamu yake ya mwisho, na Bi Futi angelala kwa Dobi. Alikubali mara moja, jambo ambalo lingepaswa kumtia binti shaka. Alijilaza kwenye kochi la Dobi akisikiliza mzee wa watu akikoroma chumbani, na maneno ya mganga yakimzunguka kichwani. Juu ya watu. Yaani bado wako pale. Mwalimu aliyepiga ukuta, tarishi, mama wa watu, bado wamelala sakafuni kwake, na yeye afunge mlango, ampe mwenye nyumba funguo, aende zake akanywe chai kwa mwanawe.

Saa tisa kasoro alivaa viatu vyake vyenye kisigino cha mpira, akavuka ua, akafungua nyumba yake. Aliufunga mlango nyuma yake, akazungusha ufunguo. Aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akachezesha vifundo vya miguu. Hakuwa na haraka. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, akauacha uende. Mkono akauweka kwenye chuma.

"Moja," alisema kwa sauti ya kawaida.

"Mbili," ilijibu korido.

Kwenye hatua ya nne taa zote mbili zilizima. Giza lilikuwa zito, lina unyevu, na kile kitu hakikujificha tena. Alikisikia juu ya utosi wake kikirudi kinyumenyume mbele yake kadiri alivyosonga, kikitanda korido yote kwa upana, kikihesabu. Tano. Sita. Saba. Kilipotamka tisa kulikuwa na mate ndani ya sauti.

Hatua ya kumi Bi Futi alisimama. Kisha alifanya kitu ambacho hakuna mzee aliyewahi kukifanya katika korido ile. Alishika chuma kwa mikono miwili, akakunja goti moja, akakunja la pili, akashusha viganja kwenye saruji, akakaa chini kwa hiari yake.

Hesabu ilikatika.

"Nimeshafika," alisema. "Ulitaka kunileta chini, nimejileta mwenyewe. Nishushe tena."

Kisha juu pakasikika kitu kikiinama, kama milango mingi mibovu ikifunguliwa pamoja, na ile harufu ikashuka usoni mwake.

"Mama," ilisema, kwa sauti ya binti. "Mama, nimeumia."

"Mwanangu yuko kazini, anatoa mikate. Tafuta sauti nyingine."

Akaanza kutambaa. Akapita pale chuma kilipoishia, akaingia kwenye ile ziada, na sakafu ikabadilika chini ya viganja vyake, ikaacha kuwa saruji, ikawa na mabonde na miinuko, na kitambaa kikuukuu juu yake, na sauti juu sasa haikuwa ya binti tena bali ya mumewe aliyemzika, halafu ya mama yake mzazi, halafu ya mtoto mchanga aliyemlilia siku nane tu miaka hamsini iliyopita na ambaye hakuna aliyejua alikuwa analia vipi isipokuwa yeye, na hapo karibu asimame, karibu anyanyue magoti akimbilie ile sauti gizani, lakini alikumbuka kwamba kusimama ndiko kulikotakiwa, akauma mdomo mpaka ukatoka damu, akaendelea kutambaa, kiganja, goti, kiganja, goti, kama alivyotambaa chini ya cherehani miaka arobaini na miwili akiokota pini, mpaka kiganja kikatua juu ya mkono wa mtu.

Vidole vilikuwa vikavu, vya baridi, na kwenye kucha kulikuwa na unga. Chaki.

Alipapasa juu, kiwiko, bega, mgongo. Mikono yake ilijua migongo. Katikati ya mgongo huo ilikuta unyayo. Ulikuwa mpana kama sinia, hauna vidole, na ulijisogeza kidogo kutafuta mizani, kama mtu aliyesimama kwenye kiti kinachoyumba.

Bi Futi alielewa kila kitu. Urefu wote ule, sauti yote ile ya darini, havikuwa vya huyo jini. Alikuwa kiumbe kifupi tu, amepanda juu ya wazee watatu, na alikuwa anamhitaji wa nne.

"Mwalimu," alisema. "Geuka ubavu."

Unyayo ukakandamiza. Kutoka juu kukatoka mngurumo uliotikisa lipu ikaanguka kichwani mwake. Basi hayo mengine hakuyasema kwa sauti. Alilaza shavu sakafuni, akaweka mdomo kwenye sikio lile la baridi, akanong'ona neno kwa neno yale ya muuguzi, asiyasikie mwingine. Kiti hakikuwepo, akajifanya kiti yeye mwenyewe. Alipiga magoti imara, akatoa bega. Mkono ukamshika. Uzito wake ulikuwa wa kutisha, baridi yake ikaingia hadi kwenye jino, nyonga iliyoumia ikapiga kelele, naye akakaa vile vile kama meza ya kukatia. Kitu kikateleza kutoka mgongoni. Mwalimu akasimama.

Juu, jini alikanyaga hewa, akadaka ukuta kwa kucha.

Tarishi alikuwa mwepesi. Alielewa kabla hajamaliza kuambiwa, kama mtu aliyekuwa akisubiri tu agizo. Wa tatu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mifupa kama ya ndege.

"Niache," alipumua yule mama. "Nimechoka, mwenzangu."

"Utachokea nje. Shika bega."

Alishika. Na mguu wake wa mwisho ulipotua sakafuni, kitu kile kilichokuwa kimejaza korido toka ukuta hadi ukuta kilikosa pa kusimama. Kilianguka. Kishindo chake hakikuwa kikubwa kama alivyodhani; kilikuwa kama cha gunia moja la nguo chafu. Kilitoa sauti moja ya mshangao, ndogo, karibu ya kitoto.

Nyayo tatu tofauti zilimpita Bi Futi kuelekea sebuleni, moja ya kuburuta, moja ya haraka, moja nyepesi. Aligeuka, akatambaa hadi chuma kilipo, akaweka mikono, akaleta mbele mguu wenye nguvu, akainuka. Fremu ilikuwa pale pale, hatua ya kumi na moja. Na kwa kuwa alikuwa ameshafika, aliingia chooni.

Binti alirudi saa mbili, akakuta mlango wa mbele wazi na mama yake ameketi kizingitini na kikombe cha chai, mdomo umevimba, nywele zimejaa vumbi la lipu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bi Futi. Lakini komeo la juu, ambalo hata binti hulifikia kwa kusimama kwenye stuli na ambalo halikuwahi kufungwa tangu wahamie kwa sababu lilikuwa limeota kutu, lilikuwa limeng'olewa na misumari yake.

Alikaa chini kando ya mama yake. Mama yake alimwambia kwamba wale waliolala koridoni wameinuka.

"Walikuwa wangapi?"

"Watatu. Mmoja alinikatia tamaa kidogo, lakini alisimama."

"Wameenda wapi?"

"Sikuwauliza. Watu wazima wale."

Binti alichungulia ndani, kule korido ilikoanzia. "Na yeye mwenyewe, mama?"

"Yupo." Bi Futi alikunywa chai. "Yuko chini. Fungua ile mizigo, sihami."

Hawakuhama. Kaka alipiga simu, akabishana, akachoka. Muuguzi alikuja kwenye zamu yake ya mwezi, akauliza maswali ya fomu yake, akafurahi kuandika kwamba bibi hajaanguka tena. Dobi alianza kuja jioni kujifunza kuinuka kutoka sakafuni, na akaja na shemeji yake, na shemeji akaja na wengine wawili, mpaka sebule ikawa ndogo.

Usiku Bi Futi huamka bado, kama wazee wote. Hukaa ukingoni, huchezesha vifundo, hushika chuma. Taa huwaka. Pale karibu na mlango wa choo, sakafuni kabisa, usawa wa vidole vya miguu, kuna mahali harufu haijatoka, na kitu kinachokwaruza saruji polepole. Usiku wa kwanza kililia. Usiku wa pili kilitukana. Sasa kimejifunza adabu.

"Bibi," kilinong'ona juzi, kwa sauti yake chenyewe, nyembamba, ambayo bila shaka hakuna mtu aliyewahi kuisikia. "Nimeshageuka ubavu. Baada ya hapo ni nini?"

Bi Futi aliinua mguu wa kulia juu kuliko kawaida, akakiruka, akashika fremu.

"Baada ya hapo," alisema, "ni kulala."

Akafunga mlango.